Mama Alikuwaje Wiki Mbili Zilizopita?

Somo: 1 Samweli 4:12–18, Luka 13:10–17, 2 Samweli 19:31–39

Kwa wale ambao hawakuwa ibada ya pili, na kwa wale waliokuwepo lakini watoto wakawasumbua, hili ndilo neno tulilogawana Jumapili. Nimeliandika karibu vile nililisema, nimeondoa tu kelele.

Fungua 1 Samweli sura ya 4. Tukihubiri sura hii huwa tunakimbilia sanduku la agano lililotekwa na Wafilisti, na wale vijana wawili, Hofni na Finehasi, waliokuwa wanachezea sadaka ya Bwana. Leo nataka tukae na mzee. Eli ana miaka 98. Macho hayaoni tena. Ameketi kando ya lango anangoja habari za vita. Mjumbe anafika, mzee anasikia sanduku limechukuliwa, anaanguka kutoka kitini kwa nyuma, shingo inavunjika, anakufa.

Sasa angalia vile Biblia inaeleza. Ni kweli hukumu juu ya nyumba ya Eli ilikuwa imetangazwa zamani. Lakini mwandishi akifika kwenye shingo yenyewe anatoa sababu mbili za kawaida kabisa: alikuwa mzee, na alikuwa mzito. Hakuanguka kutoka juu ya ukuta wa mji. Kiti! Kijana wa miaka 25 akianguka pale atajipangusa vumbi na kuangalia kama kuna mtu amemwona.

Daktari wa leo angemwelewa huyo mwandishi mara moja. Mifupa ya shingo na mgongo ya mtu wa umri wa Eli haihitaji ajali ya matatu. Kuanguka tu kutoka kimo cha kusimama, au kutoka kitandani usiku akitafuta malapa, kunatosha. Na wengine hawaanguki kabisa. Mama anainama kuinua jerikeni ya maji, au anakohoa kwa nguvu, anasikia kitu kimechomeka mgongoni. Pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Ugonjwa wa mifupa kuwa myepesi, osteoporosisi, hauumi wakati unakuja; unajitangaza siku mfupa unavunjika. Kina mama waliokoma hedhi hupoteza mifupa kwa haraka zaidi, na pia wanaotumia dawa za aina ya steroidi, kama prednisoloni, kwa muda mrefu. Na wengi wanavunjika pingili bila kujua. Anasema ni mgongo tu, ni uzee. Wewe unaona tu shosho amekuwa mfupi, gauni lililokuwa linamfika vizuri sasa linaburura, na kibiongo kimeanza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wale waliopita miaka 60. Kenya, sensa ya 2019 ilihesabu watu wa miaka 60 na zaidi karibu milioni 2.7. Wengine wao wanakaa safu ya pili hapa kanisani, upande wa kushoto, na mnawajua kwa majina.

Wengi wenu mnajua nilisomea biashara kabla Bwana hajaniita madhabahuni, kwa hivyo mtanivumilia nikieleza jambo hili kwa lugha ya duka.

Maduka mawili yako mtaa mmoja, yanauza sawa, rangi ni ile ile. Duka la kwanza lina akiba ya miezi mitatu. La pili linanunua mali ya leo kwa pesa ya jana. Siku za kawaida huwezi kuyatofautisha. Halafu inakuja wiki ya maandamano, barabara zimefungwa, hakuna mteja. Wiki ikiisha, duka la kwanza linafungua. La pili, unaona tu karatasi mlangoni kwamba nafasi inakodishwa. Iliyoliua ni wiki hiyo? Wiki hiyo ilimaliza tu kazi. Akiba ilikuwa imeisha kitambo na hakuna mtu aliyeangalia vitabu.

Mwili wa mzee ni hivyo hivyo. Madaktari wa wazee wana jina la hali hii. Sisi tuiite udhaifu wa uzeeni: mwili umeishiwa akiba. Mwaka wa 2001 daktari wa Marekani, Linda Fried, na wenzake walitoa ishara tano za kuutambua. Uzito kupungua bila mtu kukusudia. Kuchoka kila wakati. Mkono kukosa nguvu ya kushika. Mwendo kuwa wa polepole. Na shughuli za mwili kupungua. Mwenye tatu au zaidi amefika. Mwenye moja au mbili yuko njiani. Hakuna hapo mashine ya mamilioni. Hizo ni vitu ambavyo mtoto anayemtembelea mama yake anaweza kuviona kwa macho, akikaa zaidi ya saa moja.

Kwa nini ni muhimu? Chukua kina mama wawili wa miaka 78, wodi moja, vitanda vinafuatana, wamevunjika pingili ile ile, hata eksirei zinafanana. Mmoja anarudi nyumbani na mkongojo. Mwingine anapata nimonia, vidonda vya kulalia, damu kuganda mguuni, na wiki ya tatu familia inaitwa. Watu wanaanza kutafuta ni nani amefanya nini. Hospitali imezembea. Kuna mtu ana mkono. Wakati mwingine kweli kuna uzembe, sitaki kumtetea mtu. Lakini tafiti za nchi nyingi zimerudia jambo moja: wazee waliokuwa wamedhoofika kabla ya kuvunjika hukaa hospitalini muda mrefu zaidi, hupata matatizo mengi zaidi, wengi wao hufa, na wengi wa wanaopona hawarudi kuishi kama walivyoishi. Umri peke yake haukuambii hayo. Kuna mtu wa miaka 85 ana akiba, na kuna mtu wa miaka 68 anaishi kwa pesa ya jana.

Ndiyo maana siku hizi daktari anayejua kazi yake hatauliza tu mama ana miaka mingapi. Kuna kipimo kilichotoka Kanada, kina ngazi kuanzia 1 hadi 9, na swali lake kubwa ni: kabla ya kuugua huku, wiki mbili nyuma, huyu mtu alikuwaje? Alikuwa anajiogesha? Alikuwa anapika? Alikuwa anafika dukani peke yake?

Hapo ndipo nilipata mahubiri haya. Mwaka uliopita nilikaa kwenye kikao cha familia moja ndani ya hospitali, mama yao amevunjika mgongo. Watoto sita. Wanne walikuwepo, mmoja alikuwa kwenye simu kutoka Doha, mmoja alikuwa anakuja. Walikuwa wamejipanga vizuri: mweka hazina amechaguliwa, kikundi cha WhatsApp kimefunguliwa, kadi za harambee zinachapishwa. Walitaka mama ahamishwe hospitali ya kibinafsi afanyiwe oparesheni kubwa. Daktari akawauliza lile swali. Mama alikuwaje wiki mbili kabla?

Wapendwa, kile chumba kilinyamaza. Watu wazima, wenye digrii, wenye magari pale nje. Mkubwa akasema, "Alikuwa sawa tu, daktari." Wa pili akasema nilimpigia Jumapili akasema hajambo. Ndipo kijana wa miaka kumi na tatu, mjukuu aliyekuwa anakaa na shosho wake, akaongea kutoka kwa mlango. Akasema shosho hapiki tangu Agosti. Anakunywa chai na mkate. Akienda choo anashika ukuta. Na sketi yake anaifunga na kamba kwa sababu inaanguka.

Daktari akaandika.

Sikuja kuwasuta hao watoto. Walikuwa wanatuma pesa kila mwezi, na kuna wazee wengi hawatumiwi chochote. Lakini angalia vile amri ya tano inavyoweza kutimizwa kwa M-Pesa mpaka mtu asijue mamake anafunga sketi na kamba. Yesu aliligusa hili Mathayo 15, wale waliotoa mali yao kama wakfu kwa Mungu ili wasiwasaidie wazazi. Sisi tumegeuza tu. Tunatoa pesa ili tusitoe macho.

Daktari alieleza kwamba kwa mvunjiko wa aina ile, ambao haukuwa umebana mishipa ya fahamu, wengi hutibiwa bila kisu: dawa za maumivu za kutosha, kuinuliwa kitandani mapema, mazoezi ya fiziotherapia, chakula, na baadaye dawa ya kuimarisha mifupa. Oparesheni ina mahali pake, hasa mgongo ukiwa hauna uthabiti au uti ukiwa umebanwa. Lakini kwa mama aliyeishiwa akiba, oparesheni kubwa yenyewe ni deni lingine, na linalipwa na mwili ule ule. Watoto hawakufurahi. Mmoja aliniangalia kama kwamba kukosa kuchanga ni kumwacha mama afe. Ninamwelewa. Ukiwa umekaa mbali miaka mingi, bili kubwa inakupa nafasi ya kusema nampenda.

Na mama mwenyewe? Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hapa ndipo Barzilai anaingia, 2 Samweli 19. Mzee wa miaka 80, tajiri, aliyemlisha Daudi alipokuwa mkimbizi. Daudi sasa anarudi Yerusalemu kwa kiti chake, anamwambia twende, nitakutunza ikulu. Ofa ya nguvu! Barzilai anaangalia vitabu vyake mwenyewe. Anakiri kwamba hasikii vizuri sauti za waimbaji, hatambui ladha ya chakula, atakuwa mzigo kwa mfalme. Anaomba arudi mjini kwake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake, na anamtoa Kimhamu aende badala yake. Mfalme hakumlazimisha, wala hakumwambia imani yake ni ndogo. Alimbusu, akambariki, akamwacha aende nyumbani. Kuna wakati upendo unamhamisha mzee hospitali kubwa zaidi, na kuna wakati upendo unamrudisha kwake. Lakini Daudi aliweza kujua ni wakati gani kwa sababu alimwacha mzee aongee mpaka amalize.

Yule mama alipoulizwa alisema anataka maumivu yaishe na anataka kukaa mahali anaona lango lake. Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Hatembei mbali. Asubuhi anashika kiti na kusimama mara tano, jioni mara tano, na mjukuu anahesabu.

Sasa nifike kwa lile swali ambalo najua liko mioyoni mwa watu wengine tangu nianze. Pastor, mbona unahubiri hospitali? Imani iko wapi?

Luka 13. Mwanamke amekunjamana miaka 18, hawezi kujinyoosha hata kidogo. Na Luka anasema wazi kwamba kulikuwa na pepo nyuma ya udhaifu wake. Mimi ni Mpentekoste, siruki hilo fungu. Tunaamini Yesu ananyoosha migongo hata leo, na tutaendelea kuwawekea wagonjwa mikono. Lakini soma polepole. Je, huyu mama aliomba kuponywa? Hapana. Alitoa ushuhuda wa imani yake? Luka hatuambii. Alikuja tu ibadani, miaka 18, na mgongo wake, akiangalia sakafu na viatu vya watu. Yesu ndiye aliyemwona, akamwita, akamwekea mikono. Mwenye sinagogi akakasirika, akatangaza kwamba kuna siku sita za kuja kuponywa. Yesu akamuuliza kuhusu ng'ombe na punda: si mnawafungua siku ya sabato mkawanyweshe maji? Na huyu ni binti wa Ibrahimu.

Kwa hivyo mtu asitumie sura hii kumwambia mzee wetu kwamba mgongo wake haujanyooka kwa sababu ana shaka. Sura hii inamkemea mtu mwenye cheo kanisani ambaye alikuwa na utaratibu mzuri na hakumwona mgonjwa. Na huyo Luka aliyetuandikia habari hizi, Paulo anamwita tabibu, Wakolosai 4:14. Hakuona aibu kuwa vyote viwili.

Wauguzi wawili wa hapa kanisani walinisaidia na mambo ya wodini, nami nayaandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo sisi watu wa maombi huwa tunaharibu.

La kwanza ni kuchanganyikiwa. Mzee aliyelazwa alikuwa na akili zake Jumanne. Jumatano usiku anaona watu ukutani, anavuta mpira wa dripu, hamjui bintiye. Familia inaniita nije na mafuta. Nitakuja. Lakini kabla hujanipigia, mwite muuguzi. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee hospitalini mara nyingi ni mwili unaopiga kengele: maambukizi, upungufu wa maji, mkojo uliozuiliwa, choo kigumu, maumivu, au dawa fulani. Wazee waliodhoofika ndio hupatwa zaidi. Mletee miwani yake. Kama ana kifaa cha kusikia, hakikisha kiko sikioni. Mwambie leo ni siku gani, yuko wapi, wewe ni nani. Mtu anayemjua akae naye. Na ukiomba, omba kwa sauti anayoijua, ukimshika mkono. Kukemea kwa sauti ya uwanjani saa nane za usiku juu ya kitanda cha mtu aliyechanganyikiwa kunamwongezea hofu tu, na jirani yake wa kitanda cha pili pia ni mgonjwa.

La pili ni kumlaza. Huku kwetu heshima ni kumwambia mzee pumzika, usiinuke, tutakuletea. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka wa 2007 uliwalaza wazee wenye afya nzuri kitandani kwa siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao walikuwa wazima! Basi daktari akisema mama aketi, aketi. Akisema asimame, msimamishe na umshike. Kama maumivu yanamzuia, sema, aongezewe dawa ya maumivu. Kuvumilia maumivu bila dawa si tunda la Roho.

La tatu ni chakula, na hapa niongee na sisi viongozi pia. Eliya alipolala chini ya mti akitamani kufa, 1 Wafalme 19, malaika hakumfundisha somo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akamlisha tena, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mzee wa miaka 80 aliyepungua uzito hahitaji kuingia mfungo wa siku 21 na sisi. Askofu amekubali nitangaze hivyo: wazee wetu wataombea mfungo wakiwa wamekula. Na chai na mkate si chakula cha mifupa wala misuli. Mayai, maharagwe, ndengu, omena, maziwa au mala, na mboga. Akiwa hana meno, ponda.

Sasa mambo ambayo hayangoji Jumapili. Mzee akianguka na shingo inauma, msimwinue kwa mikono na kumpakia boda boda. Kumbuka Eli. Kichwa kitulizwe, kisigeuzwe, gari litafutwe. Mgongo ukiuma na miguu ikafa ganzi au ikakosa nguvu, au mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Na mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda usiuite uzee. Inaweza kuwa TB ya mgongo, inaweza kuwa saratani, na zote mbili zinataka kuonwa mapema. Hakikisha mzazi amesajiliwa SHA sasa, akiwa mzima, maana tangu Oktoba 2024 kadi ya NHIF haitoshi. Kama amefika miaka 70, uliza kwa chifu kuhusu Inua Jamii. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, si nyingi, lakini ni trei kadhaa za mayai.

Kuanzia wiki hii mashemasi wataondoa lile zulia lililojikunja pale mlango wa wamama, na vile viti visivyo na mgongo havitawekwa tena safu ya wazee. Vijana wa kwaya, baada ya ibada mtawashika mkono wazee mpaka barabarani. Hiyo imepangwa, zamu ziko ukutani.

Na kuna daftari mezani kwa mapokezi. Andika jina la mzee wako, hata kama yuko mashambani na si mshirika wetu, na ujibu maswali matano: amepungua uzito? Anachoka haraka? Anashindwa kufungua mfuniko wa chupa? Amekuwa wa polepole? Ameacha shughuli zake? Kama hujui jibu usiandike kitu. Beba karatasi uende naye nyumbani mwisho wa mwezi, ukae siku nzima, halafu uilete. Walio na mzee aliyelazwa sasa hivi, mpeni muuguzi wetu jina la wodi na saa za kuona wagonjwa. Wawili wataenda Jumanne na wawili Ijumaa, mmoja wa kuomba na mmoja wa kulisha.